Bi au Ba

Sauti ile ilikuwa ya sekunde kumi na moja. Niliisikia mara ya kwanza Jumatatu asubuhi juu ya kaunta ya depo yetu, katikati ya mji, kutoka kwenye simu ya mama mmoja wa soko ambaye alikuwa akinunua kwetu unga na sukari tangu kabla sijaajiriwa hapo kuwa karani. Aliilaza simu mbele yangu, akaibonyeza, akakunja mikono, akawa ananitazama usoni. Sikuhitaji kuuliza ni nani anayesema. Alikuwa mtunza depo wetu, mzee aliyeshika funguo za magunia yote, mtu ambaye kwa miaka kumi na miwili nilimwita muyomba, yaani mjomba kwa matamshi yetu.

"Bantu ya avenue, muamuke," sauti ilisema. "Bilulu banakuya tena. Banaingia kidogo kidogo, banakula yote. Kama hatubatoshe sasa, tutabakia na magunia tu, bunga hapana."

Mama aliichukua simu yake.

"Ilipita mu groupe ya avenue yabo jana, nyuma ya misa," alisema. "Leo iko mu simu ya bantu bote ya soko. Basi, kama miye niko kilulu, kilulu itaenda kununua fasi ingine."

Akaondoka bila kuchukua unga aliokuwa ameshauagiza. Kabla ya saa nne wanunuzi wengine wawili walifanya hivyohivyo, na wa pili hakutaka hata kuitikia salamu yangu.

Kwa asiye wa Lubumbashi, avenue ni mtaa, na kilulu ni mdudu tu, na wakiwa wengi ni bilulu: fukusi wa mahindi, mende wa kabatini, kila kitambaacho na kuudhi. Ni neno la jikoni, hata mtoto mdogo analijua. Lakini nilipokuwa msichana wa miaka saba mji huu uliwapa watu neno hilo. Waliopewa ni wale ambao wazazi au babu zao walitoka Kasai kuja kufanya kazi ya migodi na reli. Waliitwa bilulu sokoni, shuleni, na mlangoni pa kazi, wakafukuzwa, wakalala kituoni majuma mazima wakingoja treni ya kuwapeleka "kwao", mahali ambapo wengi wao hawakuwahi kukanyaga. Miaka ikapita, watu wakarudi kujenga na kuoana, neno likanyamaza. Siku hizi, kila wageni wapya wanaposhuka mjini kutafuta riziki, kuna anayelitoa tena alikolificha.

Baba yangu alikuwa mmoja wa waliofukuzwa miaka ile. Alizaliwa hapa, akasoma hapa, akamwoa mama yangu, ambaye ni wa familia za zamani za huku. Siku moja aliingia nyumbani mchana, saa ambayo si ya kurudi kutoka kazini, na barua mkononi. Ilikuwa ya Kifaransa, fupi, na sababu iliyoandikwa ilikuwa maneno matatu: nécessité de service. Mama hakusoma Kifaransa, akamwomba amsomee. Baba akasimama katikati ya chumba akamwambia kwa Kiswahili, "Kazi haina lazima na miye tena." Akaikunja barua mara nne akaitia mfukoni mwa shati, akauliza kama kuna chakula. Juma lililofuata alipanda treni. Alirudi baada ya miaka minne, amekonda, na hakuajiriwa tena popote hadi tulipomzika. Barua ile mama anayo mpaka leo, ndani ya faili la plastiki, pamoja na vyeti vyetu vya ubatizo.

Kazini hakuna aliyejua habari hizi isipokuwa mtunza depo, na yeye alikuwa ameamua kutozijua. Yeye ni wa kabila la mama yangu, na kwao mtoto ni wa mama. Mjomba ndiye mwenye sauti. Siku ya ndoa yangu kaka zake mama wote walikuwa wamekufa, na kiti cha mjomba kingebaki wazi mbele ya wageni. Akakikalia yeye, amevaa suti ya kahawia iliyombana kwapani, akajibu maswali ya upande wa bwana harusi kwa ukali uliowafanya watu wacheke. Tangu siku hiyo aliniita mwipwa, mtoto wa dada yake. Ndiye aliyenifundisha kazi pia: kunusa unga kabla ya kuupokea, kumtazama dereva machoni anaposema gunia lilipasuka njiani. Kwa hiyo mama wa soko aliponitazama usoni asubuhi ile, sijui aliona nini. Mimi nilisikia joto masikioni, kisha nikasikia aibu, na sikujua aibu ni yangu kwa sababu gani.

Patron, mwenye depo, alirudi kutoka benki akakuta kaunta haina watu. Ni mfanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini, mtu wa sala, wa maneno machache, na Kiswahili chake si cha kwetu. Alikuwa ameshapigiwa simu na wateja, akaniita ofisini.

"Banasema muzee ametukana batu," alisema. "Nimesikiliza. Bilulu ni kitu gani?"

"Ni wadudu, Patron."

"Bidudu. Sasa bidudu inakasirisha batu juu ya nini?"

Nikamweleza. Nilieleza kama mwalimu wa historia, bila baba ndani yake. Alisikiliza huku akizungusha kalamu, na nikaona uso wake unabadilika polepole. Alikotoka yeye watu wanajua vizuri neno moja linaweza kufika wapi.

"Kile wiki njo mahindi ya Kasomeno iliingia na bidudu, si ndiyo?"

"Ndiyo."

Ilikuwa kweli. Lori la mahindi kutoka Kasomeno lilifika Alhamisi, na tulipofungua magunia fukusi walikuwa wengi kuliko punje. Tulishinda Ijumaa nzima tukiyaanika uani.

"Basi," Patron alisema, "kama alikuwa anasema mahindi, kesi imekwisha, nitabaambia bateja mimi mwenyewe. Kama alisema batu, ataenda. Sitaki mutu wa namna ile ashike funguo zangu. Umuandikie demande d'explication. Ajibu mu masaa makumi ine na nane." Kisha akaniuliza kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza: "Wewe uko mwenyeji. Ulisikia bidudu ao ulisikia batu?"

Nilikuwa nimesikia. Kila aliyekulia hapa angesikia. Tukisema wadudu wa kweli tunasema bilulu biliingia, bilulu bilikula. Bi kwa vitu na vidudu, ba kwa watu: bantu banakuya, batoto banalia. Sisi wa Lubumbashi tunachekwa kwamba hatujui sarufi, na kweli mengi tunayachanganya, lakini hili hatulichanganyi. Mzee alisema banakuya, banaingia, banakula. Mara tatu aliwapa wadudu wale ba ya watu, na mara ya nne aliposema tuwatoe. Mtu wa Kivu asingelitambua hilo hata angesikiliza siku nzima.

"Sijui, Patron," nilisema. "Tumuulize mwenyewe."

Demande d'explication ni karatasi ya barua ambayo mwajiri anampa mfanyakazi aliyekosa, naye lazima ajibu kwa maandishi. Nimechapa nyingi: za wanaochelewa, za dereva aliyelala na lori kwa hawara. Hii niliichapa mara tatu. Inapaswa kuwa ya Kifaransa, na nilipofika kwenye neno lenyewe vidole vilisimama. Nikiandika insectes, nimemwokoa. Nikiandika vermine, nimemmaliza. Mwishowe niliandika bilulu kama lilivyo, ndani ya alama za kunukuu, nikaichapa tarehe kwa hasira mpaka nikakosea mwezi.

Niliipeleka mwenyewe. Mzee alikuwa kwenye mizani, na kalamu sikioni. Aliisaini kwa sahihi yake ndefu anayojivunia, bila kuisoma, kwa sababu Kifaransa cha kwenye karatasi hakimwingii.

"Niko na kosa gani?" aliuliza.

"Sauti ya jana."

"Ile ya groupe?" Akacheka kidogo. "Ile ilikuwa dimanche, mwipwa. Nilikuwa ku kwangu, na simu yangu. Patron iko na kazi gani na mulomo yangu ya dimanche?"

Kusema kweli swali lake lilikuwa zuri, na liliniudhi kwa sababu lilikuwa zuri. Usiku ule nililipeleka kitandani nikaamka nalo. Mtu anauza mikono yake kuanzia saa moja hadi saa kumi na moja. Je, ulimi nao unanunuliwa, na Jumapili yake pia? Nikijibu hapana, namwona mama wa soko amekunja mikono. Nikijibu ndiyo, namwona baba amesimama katikati ya chumba. Sijawahi kuchukia mambo mawili yanayopingana kwa nguvu sawa kama siku zile.

Jumanne saa sita, wenzetu walipotoka kula bukari, ugali wetu, nje, mzee alikuja mezani kwangu. Nilijua atakuja. Mimi ndiye niliyeandika barua zake zote: za kuomba ruhusa ya msiba, za hospitali, za binti yake kuandikishwa chuoni Kasapa. Binti huyo alikuwa mwaka wa mwisho, na baba yake alikuwa na umri ambao hakuna mwajiri anayeutaka. Alivuta kiti akaketi, akaweka kishada cha funguo mezani kati yetu kama alivyofanya siku zote.

"Uniandikie jibu," alisema. "Uweke Kifaransa ya muzuri."

Swali nimechapa mimi, na jibu niandike mimi. Nilichukua kalamu.

"Sema."

"Andika: miye niko magasinier, kazi yangu iko kuchunga bunga na mahindi. Mahindi ya Kasomeno ilifika ya kuharibika. Dimanche nilikuwa ningali nawaza kazi, njo nikasema na bantu ya avenue bachunge bunga yabo, juu bilulu banakuya, banaharibisha..."

Kalamu yangu ikasimama.

"Banakuya?"

"Ee. Bilulu banakuya, banaharibisha mahindi."

"Sema tena, muyomba."

Alinitazama. Alifungua mdomo, na nikaona jinsi ulimi unavyotafuta njia. "Bilulu ba..." akasema, akanyamaza. Nje mtu alikuwa akicheka na sahani zikigongana.

"Alhamisi, lori ilipofunguliwa, ulikuja mbio ku mulango hapa," nilimwambia. "Unakumbuka ulisema nini? Ulisema: bilulu biliingia mu mahindi. Bi. Nilikusikia, na niliandika."

"Ni kusema tu. Bantu bote banachanganyaka."

"Weye hauchanganyake. Unanikosoa miye kila siku."

Kicheko chake kidogo cha Jumatatu hakikurudi. Alipangusa meza kwa kiganja, ingawa haikuwa na vumbi.

"Bon," alisema. "Nilisema juu ya bale bapya, benye kujaza avenue. Lakini haiko juu yako. Weye hauko mu ile neno."

Hapo ndipo hasira yangu ilipopata mlango. Sikupaza sauti. Ninapokasirika kweli sauti yangu hushuka, na watoto wangu wanaiogopa zaidi hivyo.

"Baba yangu ilikuwa mu ile neno. Unajua."

"Weye uko wa mama yako. Kwetu mutoto iko wa mama."

"Kwabo mutoto iko wa baba. Sasa nikatwe katikati, muyomba? Weye uchukue nusu yenye ilikalishwa karibu na kiti yako ku ndoa, na ile ingine ipande treni?"

Alizungumza akitazama funguo. Alisema shamba la mama yake leo liko chini ya uzio wa mgodi, na hakuna aliyewauliza. Alisema wanawe wawili wakubwa hawana kazi, na kila asubuhi anawaona vijana wageni wakipita na pikipiki mpya. Alisema Jumapili ile kwenye kundi la simu watu walikuwa wakizungumza hivyo, kila mmoja kwa zamu, na zamu yake ilipofika aliongea kama wenzake, ila yeye ana maneno mazuri kuliko wenzake, ndiyo maana yakasafiri. Alilisema hilo la mwisho kwa majivuno kidogo, hata pale. Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga.

"Ile uzio iliwekwa na bantu ya pikipiki?" nilimuuliza.

Akatikisa kichwa. Hapana.

"Sasa niandike nini?"

Alijua, nami nilijua anajua, kwamba neno langu ndilo litakaloaminiwa. Patron ataniuliza mimi mwenyeji: bi au ba? Nikisema bi, jioni mzee atafunga depo kama kawaida.

"Nitaandika bi," nilimwambia, "ukiniangalia mu macho na kusema ilikuwa bi."

Nikaongeza jambo ambalo nimelirudia kichwani mara nyingi tangu siku ile. Nilimwambia Patron ni mtu wa kanisa. Nilimwambia akisema kweli na kuomba msamaha, Patron atasamehe. Niliamini hivyo, au nilitaka sana kumsikia mzee akikiri kiasi kwamba niliona bora kuamini. Mpaka leo sijui ni lipi kati ya hayo mawili.

Aliinua macho yake, mekundu pembeni kwa vumbi la unga la miaka yote ile.

"Andika ba," alisema. "Andika: nilisema bantu. Andika pardon. Kwa ile mama ya soko, na kwa..." Akanielekezea kidevu, hakumalizia. "Weye unajua namna ya kuandika."

Niliandika. Mistari saba. Alisaini. Kwa muda wa kutoka mezani kwangu hadi mlango wa ofisi nilikuwa na furaha, na nasema wazi kwamba ilikuwa furaha kubwa, kwa sababu katika maisha yangu yote hakuna mtu wa upande ule aliyewahi kuniambia neno hilo, pardon.

Patron alisoma mara mbili. Akavua miwani.

"Amesema kweli," alisema. "Mimi kama mukristo nimemusamehe, na nitamuambia. Lakini depo haiko kanisa. Ataenda."

"Patron, alisema Dimanche. Kwake. Hapa kazini hajamtukana mtu hata siku moja."

"Unajua? Mutu mwenye kushika mizani, akikuona kidudu, atakupimia namna gani? Wewe unajua alibapimia namna gani miaka yote?"

Nilijua alipima sawasawa, nilisimama naye kwenye mizani ile. Lakini nilijua pia kwamba mama wa soko hatakuwa na njia ya kulijua hilo tena. Nikafanya nililokuwa nimeapa kutolifanya kazini. Nilimwambia habari za baba yangu, barua yake, na treni.

"Kwa hiyo kilulu ni mimi, Patron," nilisema. "Kama kuna aliyetukanwa humu ndani ni mimi. Na mimi nasema abaki. Nitafanya naye kazi."

Alinitazama kama mtu aliyekaa karibu na jirani kwa miaka bila kujua jina lake. Alisema pole, na alimaanisha. Kisha akasema kwamba mimi ninaweza kusamehe kwa ajili yangu, lakini siwezi kusamehe kwa ajili ya wote waliosikia sauti ile, na yeye ana wafanyakazi wengine wa kulisha na wateja wanaomngoja aseme yuko upande gani. Alizungumza bila ukali. Nilimchukia kwa dakika kadhaa, nikitafuta kosa katika maneno yake, na kosa sikuliona lilipo.

"Uchape barua," alisema. "Uweke sababu: matusi ya kikabila."

Nilirudi mezani. Mzee alikuwa ameketi juu ya gunia karibu na mlango, na mlango wa ofisi yetu ni wa mbao nyembamba. Alikuwa amesikia yote. Nilingoja anilaumu. Nilikuwa nimemwahidi msamaha, na msamaha alikuwa ameupata, pamoja na barua.

"Mwipwa," alisema kwa sauti ndogo. "Ile sababu. Nikienda na ile barua ku depo ingine, nani atanikamata ku kazi? Hauwezi kuandika ile ingine? Ile ya... namna banaitaka? Nécessité."

"Nécessité de service."

"Ee. Ile."

Alilipata wapi neno lile, sijui. Labda kila mfanyakazi wa mji huu analijua. Niliingia tena kwa Patron, naye akapunga mkono amechoka: niandike ninachotaka, atasaini. Kwa hiyo uamuzi ukabaki kwenye vidole vyangu.

Nilikaa mbele ya kompyuta. Kwa miaka thelathini nilikuwa nimeyachukia maneno hayo matatu kwa sababu moja: yalikuwa uongo. Waliomfukuza baba yangu hawakuwa na ujasiri wa kuandika kwa nini. Nilipokuwa msichana niliota kwamba nitaenda kwenye ofisi ile niwalazimishe waandike sababu ya kweli kwa herufi kubwa. Sasa mbele yangu kulikuwa na barua ambayo ningeweza kuiandikia sababu ya kweli, na sababu ile ilikuwa bilulu, neno lilelile lililompandisha baba treni. Haki yenyewe ilikuwa imekuja kuketi mezani kwangu, na mzee alikuwa akiniomba niifute, kwa ajili ya mtoto aliyeko Kasapa.

Nilichapa matusi ya kikabila, kwa Kifaransa. Nikayatazama. Yalikuwa kweli na yalikuwa yamenyooka. Nikayafuta, nikachapa nécessité de service.

Patron alisaini. Nilimpelekea mzee pale alipoketi. Aliishika kwa mikono miwili, akafuata mistari kwa kidole, kisha akanirudishia.

"Unisomee mu Kiswahili."

Nilikuwa nimesimama, yeye ameketi. Sikutafuta maneno, yalikuwepo tayari.

"Kazi haina lazima na weye tena," nilimsomea.

Aliitikia kwa kichwa. Akaichukua barua, akaikunja, na sikuweza kutazama aliikunja mara ngapi. Akasimama, akaweka kishada cha funguo mkononi mwangu, zikiwa na joto la mfuko wake. Alifika mlangoni akageuka, kwa mazoea ya mtu anayefunga kazi jioni.

"Kesho asubui muanike tena ile mahindi ya Kasomeno," alisema. "Mukiacha, bilulu bitarudia."

Alisema bi. Nilichukua daftari nikaandika: kesho asubuhi, mahindi ya Kasomeno, kuanika.